Benchi la Bwana Sita

Jumamosi, 9 Mei
Nimefunga duka Kikuubo, hapa Kampala, moja kwa moja mtaa wa Bwaise, kwenye kibanda cha Ssalongo cha kutazamia mpira. Timu yetu ya Uingereza imeshuka daraja. Pale mashabiki wa kila timu wana benchi lao; letu tumebaki wawili: mimi, Mkenya muuza mabeseni, na Okello, mwanajeshi wa kambi ya Mbuya. Sheria ya kibanda: anayehama benchi huwanunulia soda anaowaacha. Msimu huu nimekunywa soda mpaka meno yanauma.

Jumanne, 16 Juni
Gazeti linasema mchezaji wetu Bwana Sita amekataa klabu kubwa. Jina tulimpa sisi, kwa namba ya mgongoni. Tangu ujana wake yuko na timu hiyo hiyo. Kwa nini? Mkewe anasemaje? Kikuubo mfanyakazi huhama duka kwa sababu ya chai ya saa nne.
Nimemuuliza Okello. "Wewe Mukenya unauliza sana," akasema. "Hata kwa jeshi hawaulizi hivo."

Jumamosi, 15 Agosti
Mechi za daraja la chini hazionyeshwi. Okello amehamia benchi la mabingwa. Kaniletea soda bila kuniangalia usoni. Sikuifungua, nimeificha dukani nyuma ya mabeseni. Nimeumia, tena sana.
Ssalongo anasema benchi halikaliwi na mtu mmoja. Nisipopata mwenzangu kufikia mwisho wa msimu, analiondoa.

Jumapili, 1 Novemba
Mvua. Bwaise yote maji. Miguu juu ya tofali, macho kwa timu za watu, redio sikioni. Bwana Sita kafunga. Nikashangilia peke yangu, kibanda kizima kikanicheka.
Sijui kama huu ni uaminifu au udadisi tu. Nataka kuona mwisho wake.

Jumapili, 30 Mei
Mechi ya kupanda daraja. Ssalongo kaionyesha. Tumefungwa. Bwana Sita anastaafu.
Mtangazaji akamuuliza swali langu la mwaka mzima. Nikasogea karibu na televisheni. Akajibu kwamba kila msimu alingoja sababu ya kuondoka, haikuja. Basi. Nilitegemea jibu refu zaidi.
Kurudi kuketi, namkuta Okello kwenye benchi letu. Kule alikotoka wanagombania kreti ya soda aliyowanunulia.

Jumatatu, 31 Mei
Biashara imepoa. Okello kaja dukani, mara ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini alirudi, na timu ndiyo hiyo imefungwa.
Akajibu: "Kule hakuna mutu ananiuliza kitu."
Nikaitoa ile soda nyuma ya mabeseni. Tumeinywa kwa zamu, ina joto. Kisha akaniuliza msimu unaanza lini. Nikamwambia Agosti.