Banda Letu Halina Jina

Shamba la akina Pomeroy,
Kaunti ya Hampshire,
Massachusetts.
30 Juni 1788.

Mpendwa kaka Eliphalet,

Habari za huko Vermont? Shemeji na mtoto hawajambo? Na lile goti lako lililoumia kwa baridi, bado linakusumbua? Sisi tu wazima, ila Mama anakohoa, na mimi nimekonda kidogo, nadhani ni kwa hasira. Nimekukasirikia wewe.

Yule mchuuzi wa vyombo vya bati alituletea ujumbe wako. Alituuzia bakuli kwanza, ndipo akasema tukiwa mezani: "Eliphalet anasema baba yake alifia Boston." Mama alitoka nje. Baba aliuliza tu kama huko unapata chumvi.

Ni kweli, mji ulimtuma Baba Boston, kwenye mkutano wa kuipigia kura katiba mpya, akaikatae. Siku hiyo nilikuwepo katika nyumba ya ibada, nimesimama nyuma na wanawake wenzangu, hakuna aliyetuuliza kitu, nikawasikia wanaume wakinguruma, "Akatae!" Akaenda, akakaa huko karibu mwezi mzima, ng'ombe nikiwakamua peke yangu. Jina lake lilipoitwa, akasema ndiyo.

Lakini mchuuzi hakukueleza yaliyofuata. Baba aliporudi, Kapteni Barzillai alisimama mbele yake kwenye mkutano wa mji. "Ezra, tulikupa 'hapana' uende nayo. Umeiuza kwa nani?"

"Sijauza kitu. Wameahidi wataongeza haki za watu kama sisi."

"Ahadi za mabwana wa Boston! Wewe nawe!"

"Barzillai, majira yale ya baridi wakulima walipoasi kwa sababu ya kodi na madeni, mwanangu alikimbia askari kwenye theluji, na wenzake wengine walibaki palepale, wamekufa. Mimi sitaki kuona tena watu wa nchi moja wakipigana kwa bunduki. Haya, nifukuzeni."

Hakuna aliyempa mkono. Alisema ndiyo kwa ajili yako, kaka, na kwa ndiyo hiyo amekukosa. Wewe unaiona serikali mpya kuwa ni askari walewale, na huenda hujakosea. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba Baba siku hizi anakula bila kuongea.

Halafu banda la ng'ombe likaanguka, theluji ilikuwa imelilemea. Baba alichonga mbao mpya, lakini kiunzi hakisimamishwi na mzee mmoja na binti yake. "Hatakuja mtu," alisema. Mama akaoka mkate wa mahindi na kupika maharagwe hivyo hivyo.

Wa kwanza kufika, jua halijachomoza vizuri, alikuwa Barzillai na maksai wake. "Usinichekee, Ezra. Nimekuja kwa ajili ya ng'ombe wako. Wao hawakupiga kura." Baada yake ukaja mji mzima.

Kiunzi kiliposimama, wote tukatazama juu, nami nikakukumbuka. Ni nani mwingine aliyewahi kupanda juu ya kiunzi na chupa ya ramu na kulipatia banda jina, kama ilivyo desturi? Unakumbuka ulivyoliita la Barzillai "Jasho la Majirani", naye akakurushia kofia? Tulicheka hadi Mama akakaa chini kwenye nyasi. Nayatamani sana majira yale, tulipokuwa tunagombania mkate tu.

Kijana wa akina Strong alianza kupanda ngazi. Baba akamshika mguu. "Shuka, mwanangu. Mwenye kazi hiyo yuko Vermont." Chupa akaitia kwenye majani makavu, haijafunguliwa. Kwa hiyo tuna banda jipya lisilo na jina, na watu wanatucheka.

Juzi kengele zililia: New Hampshire nao wamekubali, majimbo tisa yaliyotakiwa yametimia, katiba imepita. Na msamaha wenu ulishatoka, hakuna askari anayekutafuta. Njoo umwambie Baba alikosea, ukitaka umpigie kelele, lakini umwambie usoni.

Mama anakusalimu sana, pia shangazi Zerviah, na Barzillai anasema bado anakudai kofia yake. Mungu akulindie nyumba yako na goti lako.

Baba amepita hapa sasa hivi, akauliza namwandikia nani. Nikamwambia. Akiwa mlangoni akasema, "Mwambie ngazi sijaiondoa."

Wako akupendaye, hata kwa hasira,
Jerusha