Mtu wa Masizi kwenye Ukuta wa Soko

Jumatatu, 3 Juni
Barabara ya boma imefagiliwa. Mifereji imezibuliwa. Wafungwa wa mnyororo wamepaka chokaa ukuta wa soko kwa mara ya tatu, nami nyapara wao nimeshinda juani nikiwasimamia. Yule mtu aliyechorwa pale kwa masizi amefunikwa. Bwana Mkubwa, Mdachi wetu, hataki doa lionekane wageni wa reli wakifika.

Jumanne, 4 Juni
Amerudi. Palepale. Mikono imening'inia, kichwa kimelalia bega, uso hana. Wafungwa wamekataa kumgusa, wanasema ni mzimu. Nimewafokea, kisha nikapaka mwenyewe. Naogopa. Kabla ya soko pale palikuwa na mti, na mwaka ule wa vita vya Majimaji Wadachi walinyonga watu juu yake. Mjomba wangu Mkude alikuwa mmoja wao.

Alhamisi, 6 Juni
Chokaa ilipokauka akatokeza tena. Safari hii Bwana Mkubwa amemwona. Amemfunga Mzee Kibwana, mlinzi wa soko. Asipopatikana mchoraji, Jumamosi mzee atachapwa viboko hamsa ishirini mbele ya watu. Kwa kifua kile chake hatapona. Nimempelekea uji. Nilimwamkia shikamoo, badala ya marahaba akaniuliza, "Salum mwanangu, mimi nimekosa nini?" Nikamshikia bakuli anywe.

Ijumaa, 7 Juni
Baada ya swala nimekwangua ukuta kwa kisu. Mzimu gani. Masizi yamekorogwa na mafuta ya nyonyo, ndiyo maana chokaa haishiki. Nikanusa. Mafuta ya mama. Huyachemsha na majani ya kwao Mgeta, harufu yake nimekua nayo.

Nimemuuliza mama, hakukana. Alichora mara moja tu, alfajiri akienda mtoni. Mara nyingine zote yule mtu amejitokezea mwenyewe.

Kwetu Waluguru jina la marehemu hurithiwa na mpwa wake, mtoto wa dada. Jina la Mkude halijarithiwa mpaka leo. Mwenye zamu ni mimi, na nyapara wa boma hawezi kuitwa jina la mtu aliyenyongwa na boma. Mama analijua hilo. "Kaka yangu hana pa kukaa," amesema. "Nimemweka pale akuone ukipita." Nimemkasirikia mpaka chakula kimenishinda. Sasa nimtaje mama kwa Bwana Mkubwa, au nimwache mzee afe?

Jumamosi, 8 Juni
Nimemwambia Bwana Mkubwa mchoraji ni mimi. Akauliza sababu. Nikasema jina langu ni Mkude. Sidhani kama alielewa, lakini akida aliyekuwa akitafsiri alinitazama, kisha akainamisha macho. Mzee Kibwana amefunguliwa. Unyapara umekwisha. Ya kiboko siyaandiki.

Jumatatu, 10 Juni
Nimelala kifudifudi. Kuandika ni taabu. Barabarani nasikia mnyororo ukipita na sauti ya nyapara mwingine. Mzee Kibwana amekuja kunijulia hali. Anasema ukuta umekwanguliwa mpaka kwenye udongo, ukapakwa upya, na leo umeamka mweupe.

Mama amenipaka mafuta yake mgongoni. Yananuka vilevile kama ukutani. Mkono wake mwepesi.

"Lala, Mkude," amesema.

Nimeitika.