Noti Zilizoshonwa Pindoni

2 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku inanibana kifua. Mguu wako unaendeleaje?

Nimefika salama na noti zako sita za dola mia mia nimezifumua pindoni mwa sketi. Lakini Mama, ulishona kwa cherehani. Sindano imezitoboa zote, vitundu vimepanga mstari. Kwenye duka la kubadilishia fedha karani alizimulika kwenye taa, akacheka, akasema kwa vitundu hivyo atanipa nusu ya thamani. Ada ya chuo mwisho tarehe ishirini, la sivyo nafasi yangu anapewa mwingine. Nikubali?

Mwanao

9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu unauma, lakini bado unanibeba.

Kosa ni langu. Niliogopa mwizi wa njiani, kumbe mwizi yuko nyuma ya kioo na tai shingoni. Muulize: hizo anazonunua nusu, naye huziuza nusu? Kama noti imekufa, aikatae. Kama ni hai, ailipe yote. Noti nusu maiti sijaiona. Wametuzoea hawa, wanajua mwenye shida hana ubishi. Miaka ishirini na mbili nimeinamia cherehani, sikuinama ili nawe uinamishwe. Ada ikishindikana, ishindikane. Jasho langu usiliuze nusu bei.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Kifua kimepona.

Nilimuuliza karani swali lako mbele ya foleni nzima. Akasema huo ndio utaratibu. Nikamwomba auandike na atie sahihi. Akadai hana kalamu. Mzee mmoja akampa yake, watu wakaangua kicheko. Akafunga dirisha.

Nikaenda benki kubwa. Wao hulipa thamani kamili, ila noti huchunguzwa siku kumi. Nikaziacha. Mhasibu wa chuo nilipomsihi anisubiri, alinionyesha kalenda. Nafasi nimeikosa, Mama. Fedha zimetoka zote, bila upungufu. Muhula mwingine ni Septemba, na sirudi nyumbani. Nafua mashuka ya hoteli mpaka hapo.

Jana nilipita kwenye lile duka. Karani alikuwa anamulika noti ya mama mmoja mwenye mizigo, anatabasamu. Nikaingia, nikamshika yule mama mkono.

“Shangazi, chukua noti yako. Benki naijua, nakupeleka.”

Mwanao