Waya Niliouhamisha Nyuma ya Kompyuta ya Binti Yangu

Mshauri mpendwa,

Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi ijayo, maana nimefanya jambo ambalo siwezi kumwambia mke wangu wala mafundi wenzangu, na nikilinyamazia mtoto wangu atauza kitu alichokiunda kwa mikono yake huku akiamini kwamba mikono hiyo haifai. Mimi ni fundi wa redio na televisheni, kazi hii nimeifanya miaka thelathini na moja, kibanda changu kinajulikana mtaa mzima, na binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa pili chuoni anasomea usanifu majengo, ndiyo maana alihitaji kompyuta yenye nguvu ya kuchora nyumba zinazozunguka kwenye skrini ukaziona mbele na nyuma, na sikufichi, alitaka pia kucheza magemu.

Nilimshauri anunue iliyofungwa tayari kama watu wote, akanijibu kwa adabu, "Baba, si wewe mwenyewe uliunda redio yako ya kwanza?" Basi akakusanya vipande kimoja kimoja kwa miezi saba, mara kasha, mara bodi inayounganisha vipande vyote, mara ile kadi ya picha ambayo ndiyo roho ya mashine kwa mtu anayechora na kucheza, na siku ya kuunda akatandika shuka safi juu ya meza ya chakula, skrubu akazipanga kwenye treya ya mayai kila saizi na shimo lake, na kabla ya kushika kipande chochote anagusa kwanza chuma cha kasha ili umeme wa mwilini usije ukaunguza kitu, jambo ambalo mimi nililijua baada ya kuziua redio nne za watu. Nilijifanya nasoma gazeti lakini nilikuwa namtazama, alivyoilaza prosesa mahali pake bila kuisukuma, alivyoitia dawa ya kupitisha joto kiasi cha punje ya harage, alivyokaza skrubu kwa kuvuka kona hadi kona ili uzito ukae sawa, na sikuona pa kumsahihisha ingawa nilikuwa natafuta. Alipobonyeza kitufe feni zikazunguka na skrini ikawaka mara ya kwanza, mama yake akapiga vigelegele, mimi nikasema "Si mbaya" nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa michafu, kwa sababu machozi yalikuwa yananilengalenga.

Miezi miwili ile mashine ilikwenda kama maji. Alichora maktaba ya ghorofa tatu mpaka mwalimu wake akawaita wanafunzi wengine waje kuitazama, na mama yake, ambaye ni muuguzi, akitoka zamu anaomba gemu la mashindano ya magari, anaendesha vibaya kuliko dereva yeyote niliyewahi kumwona na bado analaumu breki, nyumba nzima tunacheka.

Sasa sikia nilichofanya. Siku moja binti yangu akiwa chuoni niliingia chumbani kwake kuazima soketi ya kuunganishia, nikaona nyuma ya kompyuta waya wa skrini umechomekwa chini, umevutika, wakati juu yake kuna tundu la namna ileile limezibwa kwa kizibo cheusi cha plastiki, na mimi kwa kazi yangu siwezi kuona waya umevutika nikapita, nikang'oa kizibo, nikauhamishia juu, nikazifunga waya zote vizuri, nikawasha, picha ikaja, nikazima nikaondoka nimeridhika. Tangu siku hiyo mashine ikaanza kujikokota, nyumba zikawa zinazunguka kwa kushtukashtuka, magari ya mama yake yanaganda barabarani, na binti yangu akaanza kujitafuta kosa, akabadilisha ile dawa ya joto, akachomoa memori akarudishia, akafuta programu zote akaziweka upya, na kila anapotaka kufungua kasha mimi ndiye ninayejipenyeza nyuma ya meza kuchomoa waya kwa kuwa meza imebanana na ukuta, akimaliza ananiambia, "Baba, rudishia kama zilivyokuwa," nami narudishia, juu.

Kazi ya chuo akachelewa kuikabidhi. Nilipomkuta ameinamia meza nikataka kumpoza, nikamwambia, "Mwanangu, si kila mtu amejaliwa mkono wa ufundi." Kesho yake akaandika tangazo la kuiuza, kuna mwenzake wa chuo anakuja kuichukua Jumamosi, na amemwambia mama yake kwamba huenda hata usanifu wenyewe si wake.

Juzi nikatia mkono mfukoni mwa koti langu la kazi nikakuta kile kizibo, nikaanza kuhesabu siku. Kompyuta si fani yangu, sina hakika kama waya tu unaweza kuleta yote haya, lakini tarehe zinanisuta. Je, niurudishe kimyakimya akiwa chuoni, aikute imepona, mambo yaishe? Au nimwambie, mimi baba yake, fundi wa miaka thelathini na moja, kwamba niliiharibu kazi yake kwa tundu moja halafu nikamwambia hana mkono?

Wako,
Fundi Redio

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, shikamoo kama umenizidi umri, na baada ya hapo adabu yangu imeishia.

Barua yako nimeirusha juu ya nyingine zote kwa sababu Jumamosi ni keshokutwa. Nimemsomea mtaalamu wa kompyuta wa hapa ofisini, mama mmoja mwenye ulimi mkali, akacheka mpaka akafuta miwani, kisha akaacha kucheka. Anasema tundu la chini ni la ile kadi ya picha, na la juu ni la bodi, ambayo picha yake ni ya kuandikia barua tu. Ulipohamisha waya uliipita ile kadi pembeni, nayo imekaa humo ndani bila kazi tangu siku hiyo. Anasema pia kwamba binti yako aliziba tundu la juu ili asitokee mtu wa kukosea. Hakuwa amepiga hesabu ya mtu wa kung'oa kizibo.

Pole. Nasema pole kwa moyo wote, maana hukufanya kwa ubaya. Lakini nikuulize. Ungeingia kibandani kwa fundi mwenzako ukute kazi yake iko mezani, ungeigusa bila kumwuliza? Thubutu. Ungesimama mlangoni mpaka arudi. Kwa huyu uliingiza mkono moja kwa moja, kwa sababu machoni pako alikuwa bado mtoto anayechezea vyuma. Kosa la waya ni dogo, mtu yeyote angelifanya. Hilo jingine ndilo la kukunyima usingizi.

Hapana, usiurudishe kimyakimya. Acha ujanja huo. Mashine ikipona yenyewe, binti yako ataona ni bahati, na kila ikikohoa atarudi kujishuku. Anachohitaji kujua ni kwamba kazi yake ilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumwambia hivyo isipokuwa wewe uliyeiharibu.

Kwa hiyo leo, si kesho, mkalishe chini na mama yake awepo. Mwambie ulifanya nini na lini, bila kuzungukazunguka na bila kuanza na habari za miaka thelathini na moja. Waya usiuguse. Vuta meza kutoka ukutani, mpe nafasi apite, auhamishe yeye. Akikasirika, mwache akasirike, anayo haki, nawe usijitetee hata neno moja. Yule mwenzake wa Jumamosi apigiwe simu asijisumbue, binti akiona hivyo. Mwalimu wa chuo aandikiwe barua kueleza kilichochelewesha kazi, na uiandike wewe, kwa mwandiko wako, utie sahihi. Na kama waya uliovutika bado unakuwasha, mnunulie mrefu zaidi.

Ile sentensi ya mkono wa ufundi uifute kwa mdomo uleule ulioitoa. Wala usiifute kwa kusema ulikuwa unatania.

Jambo la mwisho, Fundi. Umeniandikia mimi, mtu usiyemjua, kurasa nne za namna mtoto wako anavyoshika prosesa na kukaza skrubu. Nimezisoma mara mbili na nimempenda msichana huyo bila kumwona. Yeye mwenyewe hajasikia hata mstari mmoja. Najua mababa wa aina yako, mdomo utakuwa mzito, utakohoa, utaanza kuongelea bei ya betri. Ikifika hapo, mpe ukurasa huu wa gazeti, kaa mbele yake, na usiende kunawa mikono mpaka amalize kusoma.