Kidole cha Chini

Nyuma ya Soko la Kusini,
Jeonju.
14 Novemba 2023

Mpendwa mdogo wangu Mi-ryeong,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Vancouver, na baridi mnaionaje? Sisi tu wazima, ila goti langu halijaacha vituko, na kabichi ya kuchachua, ya kimchi, mwaka huu nimeitia chumvi hadi mume wangu ananuna.

Kwenye mazishi ya mama yako uliniuliza ni nani aliyeipandisha ile habari ya mtandaoni hadi ukurasa wa mbele. Nilisema sijui. Nilikudanganya, na tangu siku ile sina raha.

Unakumbuka mteja mmoja aliandika kwenye ukurasa wa wapenda chakula, na picha akaweka, kwamba shangazi yangu, yaani mama yako, anakusanya kimchi iliyobaki mezani pale dukani kwake pa chakula awape wateja wengine. Makombo yale alikuwa akimpelekea mbwa wake nyumbani, sote tunajua. Jumapili ile asubuhi habari ilikuwa chini kabisa, haina msomaji. Mimi na kiherehere changu nikawakusanya wanakwaya wote arobaini kabla ya ibada. "Jamani, toeni simu. Bonyezeni kidole cha chini, kile cha kukataa, tuuzike uongo huu." Wakabonyeza.

Hatukujua wenye mtandao wanavyohesabu. Kidole cha juu, kidole cha chini, kwao ni mamoja. Kinachobonyezwa na wengi ndani ya saa moja hupelekwa ukurasa wa mbele. Tulipotoka kanisani nchi nzima ilikuwa inamtukana mama yako.

Siku aliyolifunga duka lake kabisa kwa ajili ya matusi yale alinipakulia uji wa maharage mekundu, akacheka. "Kula, Bok-hui. Hayo si makombo." Nikala bakuli zima, nikashindwa kumwambia. Baada ya miezi mitatu moyo wake ukasimama.

Sasa kila asubuhi, hata chai sijanywa, naufungua ukurasa ule. Humo hata mtu mmoja akibonyeza, ile habari hufufuka ikarudi juu ya orodha. Juzi vidole vya chini vilikuwa 2,316. Leo ni 2,317, na mama yako yuko juu tena pichani, ameinama na bakuli lake. Kama ni wewe uliyebonyeza, najua ulitaka kumtetea. Hata mimi nilitaka hivyo hivyo.

Nisalimie mumeo na Ha-yul. Mjomba Pil-jun anakusalimu sana.

Mungu akutunze, mdogo wangu, na akuzuie mkono.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinichukia,
Bok-hui