Aliyemchukia Mama Yangu

Jumatano, likizo ya Agosti, 1996

Mawingu yamefunga tangu asubuhi, na mvua hainyeshi. Upepo wa ziwa unaleta harufu ya omena, dagaa wa huku, hadi mezani ninapoandika. Moyo wangu nao umefunga hivyo hivyo.

Jumamosi watu wa mchumba wangu Ochieng wanakuja kutoka Masara kuleta ayie, ile zawadi ambayo mama mzazi huipokea kuonyesha kwamba amekubali binti yake aolewe. Mimi mama sina. Alikufa mwaka juzi, nyumba yake imeshaanguka, na wosia wake nililetewa na mama mdogo, dada yake wa Ndhiwa: "Yule mwanamke asile chochote changu."

Yule mwanamke ni Mama Mkubwa, mikayi, mke wa kwanza wa baba. Walichukiana tangu mama alipoolewa hapa hadi alipozikwa. Hawakuazimana hata chumvi. Kwa hiyo ilikubaliwa kwamba mama mdogo ndiye atakayepokea ayie, nami nikadhani jambo limekwisha.

Kisha nikaleta riwaya nyumbani.

Ni riwaya ya Kiingereza ninayowafundisha wasichana wa kidato cha nne huko Rangwe. Kuna jumba la mawe juu ya jabali, milango inayolia yenyewe, bibi harusi mgeni, na wifi anayemchukia kuliko kifo. Jioni tukimenya karanga nimekuwa nikimsimulia Mama Mkubwa kwa Kijaluo, maana nyumba imepoa na mimi kunyamaza siwezi. Mizimu ya jumba lile haimtishi hata kidogo. Anasema kuna mtu walimzika vibaya, basi.

Jana tulifika pale bibi harusi anaposhikwa na homa, na wifi anakaa naye, anamfuta jasho, anamnywesha maji kwa kijiko. Nikasema, kama ninavyowaambia wasichana wangu, kwamba huyo anajifanya tu. Mwenye chuki hana tabia nyingine ndani yake. Nimeandika hivyo ubaoni bila wasiwasi wowote.

Mama Mkubwa akaacha karanga.

"Hajifanyi," akasema. "Mimi nilimwosha mama yako."

Sikuelewa. Akanieleza polepole bila kuniangalia. Miezi ile ya mwisho, mimi nikiwa shuleni nikiambiwa kwamba wanawake wa kanisa wanamhudumia, ni yeye aliyekuwa akivuka ua kila asubuhi na beseni. Wanawake wa kanisa walikuja, wakaimba, wakaenda zao. Mama alikuwa akigeuza uso ukutani, naye Mama Mkubwa akimsugua mgongo, kila mmoja kimya.

Nikamuuliza kama alimhurumia.

"Nilimchukia. Aliingia hapa akanidharau mbele ya watoto wangu. Lakini sikuweza kula nikijua amelala kwenye uchafu."

Nikamwambia basi Jumamosi apokee yeye. Nilisema machozi yakinitoka. Akakataa. Wosia ule aliusikia kabla yangu, kwa sababu mama aliutamka mbele ya mama mdogo wakati yeye Mama Mkubwa yuko pale chini, anamwosha miguu. Na alimjibu: sawa.

"Nilikubali," akaniambia. "Siwezi kumgeuka sasa kwa sababu amekufa."

Mama mdogo aliniletea wosia. Beseni hakulitaja.

Leo nimeshindwa hata kufungua kitabu. Mama yangu nampenda, na nina hasira naye, na naona aibu kumkasirikia marehemu. Na Mama Mkubwa niliyemwogopa tangu utotoni sijui tena nimtazameje. Najiogopa na mimi pia. Huko Masara nitakuwa mke kwenye boma la watu, na siku moja nitamchukia mtu. Sijui kama nitabeba beseni.

Nimeamua hivi. Ayie ataipokea mama mdogo. Neno la marehemu silivunji, wala hili la Mama Mkubwa. Lakini wageni wakishakaa, bibi harusi huitwa atoke ndani aonekane, na lazima atoke katika nyumba ya mtu. Mimi nitatoka kwa Mama Mkubwa, kama binti yake, nivuke ua mchana kweupe, mama mdogo akitazama.

Hilo mama hakulikataza.