Msichana Anayeniigiza

Jumatatu, 3 Machi

Mvua tangu alfajiri. Nimesahihisha insha za darasa la tano la sekondari huku maji yakidondoka karibu na ubao. Zote zinaanza kwa sentensi moja. Wamenakili kwa mwenzao, naye alikosea.

Kisha Promoteur akatuita ofisini kwake, mimi na Fabrice. Ndiye mwenye shule. Amerudi kutoka Ndola, Zambia, ameona huko shule inayofundisha Kiingereza, maigizo na muziki kwa pamoja. Sasa na yeye anataka. Mimi ni wa Kiingereza, Fabrice ni wa maigizo na muziki, basi tuandae masomo pamoja, na baada ya majuma matatu darasa la tano lionyeshe mchezo kwa Kiingereza mbele ya wazazi na wageni wake. Yeye mwenyewe anajua neno moja la Kiingereza, la kukaribisha wageni. Analitamka kama mtu anayetema mfupa wa samaki.

Fabrice amefurahi. Fabrice hufurahia kila kitu, hata mvua. Shati la maua, gitaa lililopungua uzi mmoja. Hupiga kanisani Jumapili na kuamini kwamba hiyo ni taaluma.

Nimerudi nyumbani na viatu vilivyolowa.

Naandika haya kwa Kiswahili cha mama yangu, cha Kalemie. Kifaransa ni cha wakubwa, Kiingereza ni cha kazi. Kile cha mtaani hapa Lubumbashi nakizungumza vizuri kuliko ninavyokiri.

Alhamisi, 6 Machi

Kuandaa somo na Fabrice. Nilileta mpango: lengo, msamiati, zoezi, tathmini. Yeye alileta mpira. Wanafunzi warushiane, anayedaka aseme sentensi ya Kiingereza. Nikamuuliza sarufi iko wapi.

"Itakuya yenyewe, Madame."

Sarufi haiji yenyewe. Wanaokuja wenyewe ni nzi.

Nimemkubalia mpira ili nione aibu yake kwa macho yangu. Kelele. Kioo cha dirisha kilinusurika kwa bahati. Halafu mpira ukamfikia Mwewa. Mrefu, wa nyuma kabisa. Familia yao ililima nje ya mji tangu zamani, mpaka mgodi ulipochukua shamba. Sasa mama yake anauza nyanya sokoni. Sijawahi kumsikia akisema Kiingereza. Nilikuwa nimeshamweka katika hesabu ya wale ambao hawatakisema kamwe.

Akaudaka. Akashusha miwani asiyokuwa nayo. Akasema, kwa Kiingereza, kwa sauti yangu: "Mwanangu, hii si sentensi. Hii ni ajali."

Hayo ni maneno yangu. Nayasema kila juma.

Darasa lilianguka kwa kicheko. Fabrice alipiga makofi, mpumbavu.

Jumanne, 11 Machi

Wanafunzi wamechagua habari ya mchezo: shule yao. Fabrice aliwaachia wachague. Mimi ningewapa wafanyabiashara wawili wanaokutana Luano, uwanja wa ndege, wakasalimiana kwa wakati uliopo na uliopita. Hapana, ati wachague.

Sehemu mbili. Ya kwanza: Madame darasani. Ya pili: Promoteur anaingia na wageni katikati ya somo, anasimamisha darasa, anawaimbisha, anawapiga picha kwa simu, anatoka. Kila juma inatokea hivyo. Dieumerci anamwigiza Promoteur, tumbo mbele. Mwewa ananiigiza mimi.

Nimeona leo. Mkoba kifuani, kana kwamba darasa zima ni wezi. Miwani kwenye ncha ya pua. Anaita jina la mwanafunzi, anasubiri, anashusha pumzi ndefu, anaita mwingine.

Imeniuma. Nilikwenda chooni nikakaa huko hadi kengele.

Sitaki kuandika zaidi. Bukari, ugali wetu, leo imekuwa na madonge.

Ijumaa, 14 Machi

Niliingia mazoezini nikiwa nimeamua kuifuta sehemu yangu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Adabu, heshima, mtaala.

Mwewa akaanza. Katika sentensi ya pili akakosea kitenzi. Yaani Madame, mbele ya watu wote, anakosea kitenzi! Nikavumilia. Akakosea tena. Nikasimama. Nikamwambia: ukiniigiza, utaniigiza kwa Kiingereza safi, la sivyo huniigizi mimi, unaigiza mtu mwingine mjinga.

Tumefanya kazi mchana kutwa. Nimemfundisha vitenzi vyote vya mchezo, mimi, kwa ajili ya kunidhihaki mimi. Anashika haraka. Amekuwa akisikiliza miaka yote pale nyuma na hakuwahi kuniambia. Nami sikuwahi kumuuliza.

Wakati wa kufunga mlango akaniuliza:

"Madame, juu ya nini munapumuaka vile?"

"Vipi?"

"Kama muntu mwenye alishachoka na siye."

Nikamwambia achukue mkoba wake aende nyumbani.

Nimechoka nao. Ni kweli.

Jumatano, 19 Machi

Promoteur amekuja kutazama. Aliketi kwenye kiti cha plastiki kilicholia chini yake. Sehemu yangu ilimpendeza mno. Alicheka hadi akatoa leso. Kila Mwewa aliposhusha pumzi, yeye alinitazama, akanionyesha kwa kidole, kana kwamba sikuwapo.

Halafu ikaja sehemu yake. Dieumerci akaingia na tumbo, simu mkononi. Kiti kikaacha kulia.

Kisha Promoteur akasema: "Ile ya Madame iko muzuri sana, bantu batacheka. Ile ingine mutoshe." Yaani tuiondoe.

"Ndiyo, Chef," Fabrice akasema. Papo hapo. Hata hakumeza mate.

Nikasema zitaonyeshwa zote mbili au hakuna. Sijui ni nani aliyesema hivyo kwa mdomo wangu. Promoteur alinitazama kwa mshangao.

"Madame. Masomo iko ya nani?"

Alitaka kusema shule. Ulimi ulimteleza. Nikajibu: yangu. Fabrice akaangalia viatu vyake. Promoteur akasimama, akasema walimu wa Kiingereza wamejaa Kasumbalesa, mpakani, anaweza kuokota mmoja kesho. Akatoka.

Namdharau. Nimemdharau kwa miaka mingi na haijawahi kunigharimu kitu, kwa sababu nilimdharau kimyakimya.

Alhamisi, 20 Machi

Baba yake Dieumerci alinisubiri langoni, kofia mkononi. Ni dereva wa lori la Promoteur.

"Madame, munisamehe. Mutoto hatacheza tena. Njo kazi yangu ile."

Nimemsamehe. Yeye peke yake katika habari hii simdharau.

Fabrice akaona ni nafuu. Basi imekwisha, akasema, tuonyeshe sehemu moja, wimbo, watu waende nyumbani. Nikamwambia ana uti wa mgongo wa kitambaa cha kufutia ubao. Hata kukasirika hawezi.

Mwewa ndiye aliyekasirika. Amekataa kucheza.

"Siwezi kuchekesha bantu juu yenu peke yenu, Madame. Ile haiko mazeu, haiko muchezo."

Nikamwambia mimi si maiti, asinifanyie matanga. Kisha nikamwomba abaki kwenye mchezo. Nimemwomba. Mimi!

Ijumaa, 21 Machi

Baada ya masomo nilikwenda kwa fundi cherehani mmoja, mtaa wa Kamalondo. Ana koti kubwa la suti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua. Alinipima kwa macho, akauliza ni la mume wangu? Nikasema ni la mchezo. Akauliza nani atalivaa. Nikasema mimi. Alicheka, akanipa, akaniomba nisilichafue.

Nyumbani nimesimama mbele ya kioo. Nimesukuma tumbo mbele. Nimeinua simu.

Ni rahisi ajabu. Ukishavaa koti hilo, kila mtu anaonekana mdogo.

Jumamosi, 22 Machi

Nilimwambia Fabrice asubuhi, ukumbini, wakati anakaza nyuzi. Rangi ilimtoka usoni. Nikamwambia akae nyumbani akitaka, kukosekana kwa gitaa lake hakutamkosesha mtu usingizi. Akainama, akaendelea kukaza.

Ukumbi ulijaa. Akina mama na vitenge vipya, akina baba wakijipepea. Promoteur mstari wa mbele na wageni wake. Mama yake Mwewa alisimama nyuma, karibu na mlango, na beseni lake tupu.

Sehemu ya kwanza: Mwewa alinichoma vipande vipande. Bila kosa hata moja la kitenzi. Watu walicheka hadi wakashikana mabega. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia katika koti la mwanamume nisiyemjua, na nilijivunia. Ni ujinga, lakini nilijivunia.

Wimbo ukaisha. Ulikuwa wimbo mbaya. Promoteur akaanza kupiga makofi ya kufunga. Hapo Fabrice akapiga gitaa, sauti nzito, tum, tum, tum, mwendo wa mtu mnene anayeingia mahali pasipo pake. Hatukulifanyia mazoezi hilo. Alilitunga mwenyewe.

Nikaingia.

Kwanza hawakunitambua. Halafu ukumbi ukavuma. Nikatema neno langu moja la Kiingereza kama mfupa. Nikasimamisha darasa. Nikawaimbisha. Nikapiga picha, nikasogeza mwanafunzi mmoja kando kwa sababu shati lake lilikuwa limechanika. Wageni wa Promoteur walicheka, kwa hiyo naye ilimbidi acheke. Nilikiona kicheko hicho kwa karibu. Kilikuwa cha meno tu.

Katika mchezo, Madame anainama na kunishukuru. Ndivyo tulivyoandika, kwa sababu ndivyo ninavyofanya.

Mwewa hakuinama. Alisimama na mkoba kifuani. Akashusha ile pumzi yangu, ndefu, mpaka ukumbi ukaacha kucheka. Akasema kwa Kiingereza, polepole: "Bwana, tulikuwa katikati ya somo."

Sikuiandika sentensi hiyo. Sijawahi kuisema. Miaka yote.

Ndani ya koti lile kulikuwa na joto sana. Nikageuka nikatoka, jinsi Promoteur alivyopaswa kutoka kila mara. Nyuma yangu nilimsikia Mwewa akiwaambia waketi, wafungue madaftari.

Jumatatu, 24 Machi

Promoteur hakunifukuza. Wageni wake walimpongeza kwa shule yenye uhuru, ati, na sasa analirudia neno hilo kwa kila mzazi. Lakini amenitoa darasa la tano na la sita. Nitafundisha wadogo wa la saba, ambalo kwetu ndilo la kwanza la sekondari, wanaotoka shule ya msingi, ambao hawajui hata kusalimu.

Fabrice amefukuzwa. Mimi nilivaa koti, yeye alipiga nyuzi tatu, anafukuzwa yeye. Woga wa Promoteur unajua kuchagua.

Darasa la tano wamepewa mtoto wa rafiki yake, mwanafunzi wa chuo kikuu pale Kasapa. Nimemsikia kupitia ukuta. Vitenzi vyake ni balaa. Baadaye nikasikia mtu anamsahihisha, kwa adabu. Sauti niliijua.

Jumapili, 30 Machi

Jua kidogo. Nimefua.

Mchana Fabrice alipita. Amepata saa chache katika shule moja upande wa Luano, mbali, lakini amepata. Nilimpa chai na mikate. Nikamwambia wimbo wake ulikuwa mbaya. Akasema anajua. Akauliza habari yangu.

"Niko," nikamwambia.

Alipoondoka nilikaa jikoni kuandaa somo la kesho, la wadogo. Kujitambulisha. Jina langu ni nani, nafanya kazi gani. Nimelifundisha somo hili mara nyingi hadi silisikii tena. Leo nilisema sentensi ya kwanza kwa sauti, peke yangu, nione mtoto ataisikiaje. Jina langu ni Clarisse.

Ilitoka ndogo, ya kukwaruza. Nikanywa maji. Nikairudia.